Kabula Ndani ya Friji

Jumatatu, 27 Mei 2024

Leo Baba amempeleka Kabula baa.

Kabula ni chatu, au sato kama tunavyosema nyumbani. Baba alimkamata Februari kwenye mawe yaliyo nyuma ya kijiji chetu, mvua ikinyesha, ndiyo maana akampa jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Baba yangu, Mzee Ndaki, ni mchezaji wa ngoma ya nyoka. Kila mwaka anakamata mmoja, anamlea, anacheza naye baada ya mavuno, na Nane Nane ikipita anamrudisha kwenye jiwe lilelile kwa mikono yake. Nyoka akifa kabla ya kurudishwa, mwenyewe anavua njuga zake mbele ya kundi lote na hachezi tena maisha yake yote. Ndiyo sheria yao. Baba amecheza miaka kumi na tisa, na nyoka kumi na tisa wamerudi kwao.

Mwaka huu pamba ilikauka ikiwa inafika magotini, na watu wenye njaa hawaaliki ngoma. Ndipo akaja Gelasius, mwenye baa ya pale senta ya Mwakitolyo, na pikipiki yake nyekundu.

"Mzee Ndaki, sato wako amejikunja kwenye tenga, haonwi na mtu. Mpe kazi."

"Kazi gani?"

"Akae kwangu, wachimbaji wamwangalie. Gunia la mahindi kila mwezi, mpaka Nane Nane."

Mama alikuwa anapepeta choroko. Alisema bila kuinua kichwa, "Na akifa?"

"Mama Noela, kwangu hata mende hawafi."

Baba alicheka. Hata Mama alicheka. Mimi sikucheka, lakini sikusema kitu pia, kwa hiyo sioni tofauti yangu na yao.

Jumatano, 29 Mei

Nimeona anapokaa. Ni friji ya soda, ile ndefu ya kusimama, yenye mlango wa kioo. Mashine yake ilikufa mwaka jana lakini taa bado inawaka. Gelasius ametoa rafu, ametoboa matundu kumi na mawili nyuma kwa msumari, akaiweka mlangoni mwa baa ikitazama barabara. Juu ameandika kwa chaki: CHATU HAI. KUANGALIA BURE. KUKAA LAZIMA UNYWE.

Kabula ana mita tatu na kidogo. Friji haifiki mita mbili.

Ijumaa, 31 Mei

Shule imefungwa. Wakati wa kutawanyika Bhoke wa darasa letu alipaza sauti, "Noela, likizo njema! Msalimie dada yako wa kwenye friji!" Nilitabasamu kama ninavyotabasamu siku zote. Jibu zuri lilinijia nilipofika nyumbani.

Jumanne, 4 Juni

Kazi yangu ya likizo: kila mchana nibebe dumu la maji kutoka kisimani kwetu mpaka baa, nibadilishe maji ya beseni la Kabula. Baba anasema maji ya senta yana dawa ya kusafishia dhahabu. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani, halafu maji. Upepo na vumbi.

Alhamisi, 13 Juni

Mlango wa baa unatazama machweo. Leo nilichelewa, nikafika saa tisa, nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona siku nilizowahi. Jua linashuka chini ya bati la kibaraza na kuingia moja kwa moja kwenye kioo. Kabula alikuwa amejisukuma wote kwenye kona ya kushoto, nyuma kabisa, kichwa kikiwa kimebanwa kwenye pembe ambayo fremu ya mlango inaitia kivuli chembamba. Kivuli kina upana wa kiganja changu. Yeye ana unene wa paja langu.

Nina kitabu cha wanyama watambaao, kimechanika jalada, nilipewa na maktaba walipokuwa wanakitupa. Kinasema nyoka hatoi jasho. Joto likimzidi hana la kufanya ila kuondoka.

Nilitunga sentensi: "Shikamoo Mzee Gelasius, naomba friji igeuzwe itazame ndani." Niliirudia njiani hadi nikaikariri. Nilipomfikia nikasema, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba, binti." Nikaondoka.

Ijumaa, 14 Juni

Jua limefika kwenye friji saa tisa kasoro.

Jumamosi, 15 Juni

Hivyohivyo.

Jumapili, 16 Juni

Nilimwambia Baba badala ya Gelasius. Alisema atazungumza naye. Naamini, kwa sababu Baba hajawahi kumchelewesha nyoka wala kumsahau. Mwaka juzi nilikuwa na malaria na nyoka alikuwa hajala, na Mama alimwuliza anamtanguliza nani.

Jumatano, 19 Juni

Baba amezungumza naye. Gelasius amesema friji ikitazama ndani, barabarani wataona mgongo wa friji, na nani atasimama kuangalia mgongo wa friji? Badala yake ameweka gunia lililoloweshwa juu yake. Gunia lilikuwa limekauka nilipofika.

Ijumaa, 21 Juni

Sasa kuna jambo jipya, na ni baya kuliko jua.

Mchimbaji anayeitwa Donatus, mrefu, mwenye kicheko kama cha mtoto, juzi aliweka kiganja kwenye kioo kabla ya kushuka kwenye duara lake, shimo analochimbia dhahabu. Jana walipandisha jiwe lenye nyuzi za dhahabu zinazoonekana kwa macho. Leo walikuwa wamepanga foleni. Wanaume wazima, vumbi jeupe kwenye nyusi, kila mmoja anagusa kioo kilipo kichwa cha Kabula, anapiga ngo ngo ngo ili Kabula ajue kuwa kuna mtu. Wengine wanasugua kioo kwa mawe yao.

"Mwangaluka, mayu!" wanamwamkia. Mama! Wanamwita mama.

Baba alikuwepo. Walimpa kiti. "Baba wa sato, kaa hapa. Mpe mzee soda." Nimemwona Baba akiketi mbele ya ngoma, akiimba, akimbeba chatu mabegani huku watu elfu wakipiga kelele, na uso wake unakuwa umetulia kama wa mtu anayesali. Leo uso wake haukuwa hivyo. Alikuwa anafurahi.

Jumanne, 25 Juni

Hajala kuku aliyewekewa. Kuku mwenyewe alikaa naye kutwa nzima, amesimama juu ya mgongo wake, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kusimama. Watu walicheka mpaka wakalia. Jioni nilimtoa kuku.

Jumatatu, 1 Julai

Shule imefunguliwa. Gunia la pili la mahindi limekuja. Tumekula ugali mara mbili leo. Nilishiba, na nilijisikia vibaya kwa sababu ya kushiba.

Jumamosi, 6 Julai

Maji tu.

Jumatatu, 8 Julai

Nilifanya jambo. Baada ya somo la baiolojia nilibaki darasani mpaka wote wametoka, nikamwomba Madam Agnetha kipimajoto cha maabara. Aliuliza cha nini. Nikasema jaribio. Akanipa, amekizungushia pamba.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepima siku tano, saa tisa na robo, kupitia tundu la nyuma. Jumatatu nyuzi arobaini na moja. Jumanne arobaini na tatu. Jumatano palikuwa na mawingu, thelathini na saba. Alhamisi arobaini na nne. Leo arobaini na nne.

Nimeandika kila kitu kwenye karatasi safi, na mchoro wa friji, na kumpa Madam.

Jumatatu, 15 Julai

Madam amerudisha. Kumi na nane juu ya ishirini. Chini ameandika kwa wino mwekundu: "Kazi nzuri sana. Hukuandika hitimisho."

Nilipopita baa, macho ya Kabula yalikuwa meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji.

Jumatano, 17 Julai

Macho meupe maana yake anataka kuvua ngozi. Baba anajua, kitabu changu kinajua. Wakati huo nyoka haoni vizuri, anahitaji giza na maji mengi. Kwenye kundi lao nyoka anayevua ngozi hufunikwa kitambaa, na hata mwenyewe haingii alipo mpaka amalize.

Lakini senta wanasema Kabula amepofuka kwa kuangalia dhahabu. Eti imemwakia machoni. Na kichwa chake kinapoelekea, ndiko iliko. Donatus alisimama kando ya friji, mkono umenyooka kama mtu anayelenga, akaufuata mstari wa kichwa cha Kabula mpaka nyuma ya machinjio. Wameanza duara jipya huko tangu jana. Watu kumi na mmoja.

Kichwa chake kinaelekea kona ya kushoto. Ni kona ileile ya kivuli. Nilijua hivyo, nilikuwa nimesimama pale na dumu, na ningeweza kusema kwa maneno mawili tu: anakimbia jua. Sikusema.

Saa kumi Baba alifika na kanga ya Mama. Nilifurahi mno nilipomwona anaikunjua.

"Anavua ngozi," akasema. "Haangaliwi. Siku kumi."

"Ngosha, mzee wangu, subiri," akasema Donatus, kwa upole kabisa. "Ukimfunika yeye, umetufunika na sisi huko shimoni. Tutajuaje amegeuka?"

"Siku kumi tu, vijana."

"Mzee Ndaki," akasema Gelasius kutoka kaunta, "gunia la mwezi huu si mmeshaanza kulila? Au umekuja nalo?"

Watu walicheka. Baba aliitazama kanga, akaikunja mara mbili, mara nne, vizuri, kama anavyoikunja Mama. Akaiweka kwapani. Akakaa kwenye kile kiti chake.

Sijui kwa nini nilidhani baba yangu ni mtu asiyeogopa kitu. Labda kwa sababu haogopi nyoka.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika taratibu kwa sababu nataka kila neno liwe kama lilivyokuwa.

Saa nne asubuhi nilikuwa baa na maji. Likaja gari la afisa wanyamapori. Nyuma, kwenye sehemu ya mizigo, palikuwa na boksi la mbao lenye matundu, kubwa, na ndani limetandikwa majani. Afisa alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, Bwana Theonest. Aliamkiana na wote, akachuchumaa mbele ya friji kwa muda mrefu.

"Nimepata taarifa kwamba huyu ana shida ya joto," akasema.

Saa nne asubuhi friji iko kivulini. Ukiweka mkono, kioo ni baridi. Gelasius alimfungulia mlango. "Karibu, ushike mwenyewe. Joto liko wapi?"

"Na macho?"

"Anavua ngozi. Ni kawaida." Na huo ulikuwa ukweli.

"Kibali?"

Gelasius akaleta kibali cha kundi la ngoma, ambacho Baba alikuwa amekiacha kwake. Bwana Theonest alikisoma, akakikunja. "Hiki ni cha ngoma. Sijaona ngoma hapa. Lakini kama mnyama ni mzima nitaandika onyo, mtamwondoa baada ya Nane Nane. Kama anateswa, namchukua sasa hivi, leoleo ninamwachia porini, na mwenye nyoka ninaondoka naye. Atalala ndani. Nani anamhudumia?"

Gelasius akanionyesha kwa kidole. "Muulize huyo. Binti wa mwenyewe. Anasoma baiolojia."

Watu wote waligeuka. Huwa naota ndoto kama hiyo, watu wote wanageuka, na ninajikuta sina viatu. Bwana Theonest alinisogelea, akainama ili asinitishe.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Noela."

"Noela, hapa ana shida yoyote? Niambie mimi tu."

Karatasi yangu ya vipimo ilikuwa ndani ya begi, mgongoni. Boksi lilikuwa hatua kumi. Niliwaza Baba akipandishwa kwenye gari, mikono nyuma, wale wanaomwita baba wa sato wakiangalia. Niliwaza Mama. Nilimwona Kabula, amelaza kichwa kwenye kona yake ingawa saa hiyo jua halikuwepo, kama mtu aliyezoea kukinga uso.

"Hana shida," nikasema.

"Una hakika?"

"Ndiyo."

Aliandika onyo kwenye kitabu chake. Gari likaondoka na boksi likiwa tupu.

Jumapili, 21 Julai

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 22 Julai

Madam Agnetha aliniita ofisini. Ni yeye aliyepiga simu.

"Wameniambia mtoto wa mwenye nyoka amethibitisha kwamba nyoka ni mzima," akasema. "Nikawaambia mtoto huyo ana kipimajoto changu."

Nilikitoa kwenye begi, nikakiweka mezani na pamba yake. Alikifungia kabatini. Kisha akasema, "Nenda darasani, Noela." Hakuwa amekasirika. Ningependa angekuwa amekasirika.

Jumatano, 24 Julai

Ngozi imeanza kuachia mdomoni halafu ikakwama. Ni kavu. Imembana shingoni kama soksi ndogo.

Nilimkuta Gelasius peke yake, anamwaga maji juu ya friji kwa kikombe, kikombe kimoja kimoja, mkono umenyooshwa kadiri unavyoweza kufika. "Mimi mwenyewe namwogopa," akasema, hata sikuwa nimemuuliza. "Tangu amekuja sijamgusa. Mke wangu haji tena baa. Nikimtoa hao watu watanichomea hapa. Unafikiri sitaki Nane Nane ifike?"

Tangu Mei nimekuwa namchukia mtu huyu. Leo sikupata pa kuiweka ile chuki, nikarudi nayo nyumbani.

Jumamosi, 27 Julai

Duara la nyuma ya machinjio limefika mita kumi na mbili na hakuna kitu. Udongo mwekundu tu. Donatus alipiga kioo kwa ngumi. "Muongo wewe! Geuka! Geuka uonyeshe vizuri!" Kabula hakugeuka.

Jumatatu, 29 Julai

Jua saa tisa. Hakuna upepo kabisa.

Jumanne, 30 Julai

Kabula amekufa.

Nilipotoka shule mlango wa friji ulikuwa wazi na Baba alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alikuwa anajaribu kumtoa na hakutoka, kwa sababu alikuwa amejikaza kwenye ile kona hata baada ya kufa. Baba alimbembeleza kwa Kisukuma, pole pole, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Ngozi ya zamani ilikuwa imemganda machoni. Kisha akambeba mabegani kama siku za ngoma. Hakuna aliyecheka.

Donatus alitufuata mpaka mwisho wa senta. "Mzee, basi tupe kichwa. Kichwa tu. Tumetoa wiki mbili kwa ajili yake."

Baba hakugeuka. Nilitembea nyuma yake, mkia ukiburuza vumbini, nikauinua, nikaushika mpaka nyumbani. Ulikuwa bado una joto, lakini lilikuwa joto la friji.

Nyoka aliyekufa harudishwi kwenye jiwe. Tumemzika shambani, kwenye pamba iliyokauka.

Alhamisi, 1 Agosti

Kaburi limefukuliwa. Kichwa hakipo. Mama amefukia tena kabla Baba hajaamka, na tumekubaliana tusimwambie.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane.

Makundi yote yalikuja. Mzee Mageni, manju wa kundi la Baba, alisimamisha ngoma katikati, akamwita kwa jina. Baba aliingia uwanjani mikono mitupu. Aliinama, akafungua njuga za mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Kamba za kushoto zilikataa, zimevaliwa miaka mingi, ikabidi Mzee Mageni achuchumae kumsaidia. Vilikuwa vichwa viwili vya mvi karibu karibu, na watu zaidi ya elfu moja kimya. Njuga zikawekwa kwenye ungo. Ngoma ikaanza tena, na Baba akatoka kupitia kwa wauza miwa.

Nilimfuata. Anatembea bila sauti. Sikuwahi kumsikia Baba akitembea bila sauti mwezi wa nane.

Ijumaa, 9 Agosti

Mvua hakuna, na bado si wakati wake. Baba ameongea na Donatus. Jumatatu anaanza kushuka naye kwenye duara, kuvuta kamba na kupandisha mawe.

Jumapili, 11 Agosti

Nimemwambia.

Alikuwa amekaa nyuma ya jiko anamenya mihogo. Nilisimama, halafu nikaona ni vibaya kusimama, nikakaa chini. Nikamwambia kuhusu kipimajoto, na karatasi, na boksi lililotandikwa majani, na Bwana Theonest alivyoinama, na nilichojibu. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo.

Baba aliendelea kumenya. Kisha akasema, "Nilikuwa nyuma ya ukuta, ng'wanone, mwanangu. Kule wanakoweka makreti. Nililiona gari nikajificha."

"Ulisikia?"

"Nilisikia yote. Alipokuuliza mara ya pili nilishika pumzi." Alitupa mhogo kwenye sufuria, maji yakaruka. "Uliposema hana shida, nilimshukuru Mungu. Nilimshukuru kwa sauti. Kabula alikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo."

Kuku walikuja kudonoa maganda, na hakuna kati yetu aliyewafukuza.

"Siku ile ingerudi," akasema, "yule bwana akakuuliza vilevile, ungesemaje?"

Nilifikiri kwa uaminifu, kwa sababu aliuliza kwa uaminifu. Nilimfikiria Kabula kwanza, siku zote sitini na nne, kisha nikamtazama Baba, miguu yake mitupu yenye alama nyeupe mahali kamba zilipokuwa.

"Ningesema hana shida."

Baba alitikisa kichwa kukubali, akachukua mhogo mwingine.